Kidonge Kilichokwenda kwa Vifaranga

Nianze kwa kujisifu, tumalizane na hilo mapema. Miaka yangu yote ya kliniki ya kifua nilikuwa muuguzi hodari, na sioni haya kulisema. Wanaosema mtu mzima hajisifu hawajasimama asubuhi mbele ya mtu anayemeza dawa inayomchefua, wakahakikisha kesho atarudi kuimeza tena. Mimi nimesimama. Naitwa Zaituni. Wazee wa Ngarenaro wananijua kama binti wa yule fundi cherehani aliyetoka Kondoa, na wagonjwa walinijua kama Sista Zai. Sasa nimestaafu, nakaa Sombetini, nafuga bata wakorofi, na ninyi wauguzi vijana mnanijia mlangoni na shikamoo zenu tamu mkitaka niwaeleze kazi ile inafanywaje.

Dozi mtazisoma kwenye miongozo, na mzisome kweli, msije mkasema Bibi Zai alisema mjibunie zenu. Mimi nitawaeleza habari ya kidonge kimoja kidogo, na mama mmoja wa Kikwe, kijiji cha chini ya mlima Meru, ambaye almanusura atuponyoke.

Mnajua kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Dawa zake ni kali, na miongoni mwake wakati ule ilikuwemo moja ambayo iliua vijidudu vizuri lakini ilikuwa na tabia mbaya. Kwa baadhi ya watu ilipanda kichwani. Mtu alikosa usingizi, akajawa na huzuni isiyo na sababu, akaanza kuwaza mambo ya kutisha. Kwa hiyo kila aliyeandikiwa dawa hiyo aliandikiwa pamoja nayo vitamini B6, kidonge kidogo cheupe, ili kulinda mishipa ya fahamu na kumpunguzia nafasi ya kuingia kwenye huzuni ile. Sikusema kinazuia kila kitu. Kinapunguza. Lakini kupunguza, kwa mtu ambaye safari yake ya dawa ni ndefu, si jambo dogo.

Sisi pale kliniki, jamani, tulikuwa tumezoea kukiita kidonge cha nguvu. Ndilo jina nililolikuta nilipoajiriwa, na kila aliyekuja baada yangu alilikuta pia. Likumbukeni jina hilo, litarudi.

Aliyenifundisha kazi ni tabibu mmoja, Mzee Nanyaro, Mmeru mrefu mwenye sauti ya chini na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata wakati wa jua kali. Siku yangu ya kwanza alinisikia nikimuuliza mgonjwa, "Umeamkaje?" Mgonjwa akajibu salama, nami nikaendelea na mambo yangu. Mzee Nanyaro akaniita pembeni.

"Binti, huku mlimani mtu atakwambia salama hata kama ng'ombe wake amekufa na paa limeng'oka. Salama ni adabu, siyo taarifa."

"Sasa nimuulize nini, mzee?"

"Muulize habari za ndizi zake. Muulize jirani ana ugomvi gani. Mgonjwa anayelalamika yuko hai. Yule anayekubali kila kitu, huyo msogelee."

Nimeitumia kauli hiyo miaka yote, na haijaniangusha. Kuna kijana wa bodaboda wa Olasiti alikuwa anaficha vidonge shavuni, anatoka nje anavitema. Nilimkamatia hapo hapo kwenye maongezi. Kila akimeza namwambia anisimulie mechi ya jana, na mtu hawezi kumsema mwamuzi vizuri huku ana vidonge mdomoni. Alinichukia msimu mzima wa ligi. Akapona, na sasa akinikuta njiani ananipakia bure, nami napanda, sijifanyi.

Sasa Mama Elinami. Alikuja mara ya kwanza na mumewe, Baba Elinami, mzee wa kanisa la Kilutheri, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Mama mwenyewe alikuwa mfugaji wa kuku na mkulima wa migomba, amekonda kwa ugonjwa, lakini mdomo haukukonda. Nilipomaliza kumweleza dawa zake aliniangalia kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Zaituni. Wewe siyo wa huku."

"Asili Kondoa, mama. Lakini nimezaliwa hapa hapa Ngarenaro."

"Loshoro unajua kupika?"

Loshoro ni chakula chao Wameru, mahindi na ndizi na maziwa mgando, na ukiulizwa swali hilo na mama wa Kikwe hiyo ni kesi tayari. Nikasema kuila najua, kuipika hapana.

"Bwana Yesu. Serikali imeniletea mtu asiyejua loshoro aje anilinde uhai."

Mumewe akainamisha kichwa kwa aibu, na benchi zima la wagonjwa likacheka, wengine wakakohoa. Sisi Warangi wa Kondoa na Wameru hatuna utani wa asili. Mama Elinami aliuanzisha mwenyewe, na kuanzia siku hiyo kila akija kliniki alikuja na jipya. Kanga yangu nimeifunga kama mtu anayekimbia mafuriko. Bata wangu wananishinda akili. Wagonjwa wengine walikuwa wanauliza, "Mama wa Kikwe anakuja lini?" Mimi nilijifanya kununa, lakini siku ya zamu yake nilikuwa navaa vizuri makusudi, nione atapata wapi pa kunishika.

Mpangilio ulikuwa hivi. Dawa alimezea nyumbani, Baba Elinami akiwa msimamizi wake, na kliniki alikuja siku alizopangiwa ili tumwangalie. Yule mzee alisimamia dawa kama anavyosimamia meza ya Bwana. Alisimama, akaomba, akatazama mpaka kidonge cha mwisho kimepita kooni. Makohozi ya mama yakaanza kuwa safi, uzito ukapanda, nasi tukafurahi.

Kisha akaanza kuja kimya.

Mara ya kwanza nikadhani amechoka na njia. Mara ya pili hakuniangalia kabisa. Nikamtegea mtego. Nikamwambia, "Mama Elinami, jana nimejaribu kupika loshoro, imeungua yote." Uongo mtupu. Mama Elinami niliyemjua angekula nyama yangu wiki mbili kwa neno hilo moja.

Akasema, "Pole."

Wallahi lile pole liliniogopesha kuliko kikohozi cha damu. Nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Neema, binti mdogo lakini makini, nikamwambia, "Mama wa Kikwe hajanitania." Mwingine angenicheka. Yeye aliweka kazi zake pembeni, akamwita mama, akaongea naye, akajibiwa salama, salama, salama. Akampangia kurudi mapema na mumewe. Akaniambia, "Sista, asipokuja, mfuate."

Hakuja. Nikamfuata.

Kikwe wakati wa mahindi mabichi ni kuzuri, mlima Meru unauona mzima na mifereji ya maji inapita kando ya njia. Sikuona vizuri siku ile. Nilimkuta Mama Elinami jikoni, ameketi kwenye kigoda ameupa mgongo mlango, bakuli la loshoro limepoa mbele yake na nzi wameanza kulizoea. Kanga ameivaa nje ndani. Nikamsalimia, akaitikia. Nikaketi. Nikamuuliza habari za ndizi, kama nilivyofundishwa.

"Zipo."

"Na majirani?"

"Wapo."

Kisha akasema mwenyewe, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la kanisani: "Sista, dawa nimeamua kuacha. Nimekuwa mzigo. Mzee atafute mtu mwenye afya wa kukaa naye."

Alikuwa amefika nusu ya safari. Kuacha pale maana yake ugonjwa urudi na nguvu mpya, na ukirudi hivyo nilijua asingepona. Na jinsi alivyosema mzee atafute mtu mwingine, nikajua hazungumzii dawa peke yake. Nikamwambia twende kwa daktari leo. Akatikisa kichwa. Nikamsihi. Akatikisa tena. Nikatoka nje, nikamkuta Baba Elinami uani.

Alikuwa mnyonge yule mzee, nikamhurumia. Aliniambia ameshaita wazee wenzake wakaomba, amemwambia mkewe ajikaze, awe na imani, na majirani wameanza kusema mengine ambayo yeye kama mzee wa kanisa hawezi kuyatamka. "Dawa anameza, sista. Namtazama kwa macho yangu. Sasa hii nini?"

Nikamuaga ili niende nimpigie daktari simu. Hapo ndipo ustaarabu wa Wameru ulipomwokoa mama yule, maana mgeni wa heshima haondoki mikono mitupu, hata kama nyumba ina msiba. Baba Elinami akaniambia nisubiri, akazunguka nyuma ya nyumba, nikasikia kelele za mabawa, akarudi na tetea mmoja mnene, amefungwa miguu kwa ganda la mgomba.

"Mchukue huyu. Tena ni haki yako, maana ni wa vitamini yako."

"Vitamini yangu ipi, baba?"

"Ile ya kliniki. Vifaranga walilegea miguu, wakawa wanatembelea magoti. Dawa ya kuku iko mbali, Tengeru huko. Mama Elinami akasema vile vidonge vidogo ni vya nguvu, na yeye nguvu anazo, vifaranga hawana. Akawa anaviyeyusha kwenye maji yao." Akamwinua kuku juu ili nimwone vizuri, kwa fahari kabisa. "Waliinuka wote, sista. Tazama miguu hiyo."

Nikaitazama miguu hiyo. Ilikuwa miguu mizuri sana.

Mnaona tatizo lilipotokea? Vile vidonge vikubwa mzee alivisimamia kwa maombi, kwa sababu ni dawa. Kidonge cha nguvu mama alisema atakinywa jioni baada ya chakula, na hakuna aliyemfuatilia, kwa sababu nguvu ni ya hiari. Na mama wa Kikwe hawezi kukaa na kitu cha nguvu mfukoni akawatazama viumbe wake wanatambaa. Hakuwa mjinga. Alikuwa mfugaji. Wale vifaranga aliwalea kwa mikono yake, na jogoo bora alikuwa amemweka kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, auzwe kwenye mnada wa kanisa. Amewapa walio dhaifu kuliko yeye, basi.

Siku hizi mnawatazama wagonjwa wakimeza dawa kwenye simu, na ni jambo zuri, linawaokolea nauli na siku ya shamba. Lakini simu haionyeshi nyuma ya nyumba. Nendeni. Na mkipewa kuku, pokeeni.

Nilirudi jikoni na kuku wangu mkononi. Nikakaa chini kabisa, karibu na kigoda chake, kuku nimempakata.

"Mama Elinami, huyu alikuwa anaumwa nini?"

Akamtazama kuku. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kutazama kitu. "Miguu."

"Ulimwambia ajikaze?"

Akakunja uso. "Kuku atajikazaje?"

"Ulimwambia amepungukiwa imani?"

Mlangoni Baba Elinami akakohoa.

"Hapana, sista. Alikosa kitu mwilini. Nikampa."

"Haya. Ile dawa kubwa unayokunywa inafukuza ugonjwa, lakini inavuruga kichwa, inamwaga huzuni ndani ya mtu. Kidonge ulichowapa hawa ndicho kilichowekwa kukukinga. Huzuni hii siyo yako, mama. Hukuizaa wewe. Wala wewe si mzigo, wala hukupungukiwa imani. Ni dawa, na daktari anajua la kufanya. Kifaranga hukumlaumu. Na wewe usijilaumu."

Akaendelea kumtazama yule kuku kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kufikiri nimeshindwa. Kisha akamwambia mumewe, bila kugeuka, "Niletee ile kanga nyingine. Hii nimeivaa vibaya."

Tulipanda bajaji ya jirani, mimi, yeye, Baba Elinami, na kuku, kwa kuwa katika haraka hakuna aliyekumbuka kumshusha. Nikaingia kliniki ya kifua nimekumbatia tetea. Vijana, heshima ya kazi haikai kwenye mavazi.

Daktari Neema alimwona mama peke yake, mlango umefungwa. Alimuuliza wazi kama amefikiria kujidhuru. Msiogope kuuliza swali hilo. Halimpi mtu wazo, linampa mlango. Mama akalia, akasema. Daktari akashauriana na wakubwa zake, ile dawa korofi ikapunguzwa, vitamini ikarudishwa kwa kipimo chake, na nyumbani pakapangwa mtu wa kukaa naye, asiachwe peke yake hata kidogo. Akawa anakuja kuongea na daktari mara kwa mara. Kwa hiyo msiende mkasimulia kwamba Bibi Zai alitibu huzuni kwa vitamini. Kidonge kilikuwa sehemu yake. Daktari alikuwa na sehemu yake, na yule mzee wa suruali ya pasi alikuwa na sehemu kubwa kuliko sote, maana aliacha kabisa neno jikaze.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi wamejaa vijana wenye mabegi na chupa za virutubisho, wanapita hapa Sombetini wakisema chupa moja inaondoa sukari, presha, msongo wa mawazo, na nuksi. Mmoja alinijia mimi. Nikamuuliza kilichomo ndani, akaniambia ni asili. Hata nyoka ni wa asili, mwanangu. B6 yenyewe ikizidi inaumiza mishipa ile ile iliyokuja kuilinda. Mgonjwa akikuletea chupa, usimcheke wala usimkaripie. Isome, mpelekee daktari, na hakikisha hajaacha dawa zake kwa ajili ya chupa hiyo.

Baada ya tukio lile niliwaambia wenzangu, sitaki kusikia tena kidonge cha nguvu. Tukiite mlinzi. Nyumba yenye mali ina mlinzi getini, na hakuna anayemwazima jirani mlinzi wake. Nikawa nawaambia wagonjwa: mlinzi anaingia kwanza, ndipo wakubwa wafuate. Na msimamizi akimtazama mgonjwa, amtazame mpaka na mlinzi amepita. Juzi juzi nimepita kliniki kusalimia, nikamsikia binti ambaye hata hanijui anamwambia mgonjwa, "Umeshammeza mlinzi?" Nikajifanya natafuta miwani kwenye mkoba. Hilo ni neno langu, litabaki pale mimi nikiwa nimeshazikwa, na nasema tena kwamba sioni haya kujisifu.

Mama Elinami aliimaliza dozi yake. Yupo, anafuga, na jogoo wake aligombaniwa mnadani mpaka wakashikana makoti. Siku ya kumaliza dawa alikuja na keki, tukapiga makofi, kila mtu akafurahi. Lakini kama mnataka kujua siku ninayoiweka moyoni, siyo hiyo.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, wiki nyingi baada ya safari yetu ya bajaji. Benchi limejaa. Mama Elinami alikuwa anakula vizuri kwa wakati huo, analala, anajibu maswali, lakini alijibu tu. Nikamwekea vidonge vyake kiganjani, maana tangu tukio lile siku za kliniki alimezea mbele yangu. Akamchukua mlinzi kwanza, akammeza, kisha wengine. Akarudisha kikombe. Akanyanyuka, akafika mlangoni, akasimama.

"Sista Zai. Yule kuku aliyekupa Mzee. Ulimfanyaje?"

"Tulimchinja, mama. Tulimla."

"Mlimla wote?"

"Wote. Mpaka miguu."

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Basi umekula dawa yangu bila cheti cha daktari. Na bado hujui kupika loshoro. Hiyo vitamini imeenda bure kabisa."

Benchi likaangua kicheko. Yeye hakucheka, alijifunga kanga yake vizuri akaondoka, kama alivyokuwa akifanya zamani. Mimi nikaacha kila kitu mezani, nikaingia kwa Daktari Neema bila kupiga hodi.

"Amenitania," nikamwambia.

Daktari akaweka kalamu chini, akafunika uso kwa viganja vyake viwili. Hakuniuliza nani.